Kilichoizima injini ya nitro Ganako, kilichoiua Dar

KARATU. LILIWAKA, likatoa moshi mzito mweupe, likasogea hatua kama kumi hivi, likazima. Nikaliwasha tena, likazima tena. Mara ya tano watoto waliokuwa wamezunguka uwanja wakaanza kucheka, na mmoja akauliza kama gari lenyewe lina malaria.

Ilikuwa Ganako, Karatu, wiki ya Pasaka, kwenye uwanja wa vumbi jekundu. Gari lenyewe ni la rimoti, la kipimo cha moja kwa nane, yaani ukilikuza mara nane unapata gari la kawaida. Lakini usilichanganye na yale ya betri ya dukani. Hili lina injini ya kweli, pistoni ya kweli, kabureta ya kweli, na linakunywa mafuta yenye nitro.

Siku tatu kabla, gari hilohilo lilikuwa linaruka matuta Kigamboni kama swala. Likapakiwa kwenye gari la shemeji, likasafiri hadi Karatu, na pale Ganako likawa kama mshambuliaji wa kigeni aliyeshuka kwenye ndege asubuhi na kuanzishwa mechi mchana. Pumzi hana.

Hakuna kilichokuwa kimeharibika. Mafuta yaleyale, plagi ileile, fundi yuleyule, yaani mimi. Kilichobadilika ni hewa. Na kwa sababu sikuelewa hilo vizuri, wiki moja baadaye niliirudisha injini hiyo Dar es Salaam na kuiua kwa mikono yangu mwenyewe.

Hii ni makala ya injini ndogo, lakini shabiki wa soka vumilia kidogo. Kuna somo lako humu, na linamhusu hata kocha wako.

NDOGO KAMA LIMAO, KELELE KAMA NYUKI ELFU

Injini ya gari la nitro la moja kwa nane ina ujazo wa sentimita 3.5 za ujazo. Bodaboda nyingi zinazokupeleka kazini zina 125 au 150. Maana yake injini ya bodaboda ya 125 inaweza kumeza injini za namna hii zaidi ya 35.

Sasa sikiliza inavyozunguka. Bodaboda ikikamuliwa mpaka ilie, inafika mizunguko elfu tisa au kumi kwa dakika. Hii ndogo inapita 30,000. Kwa kuwa ni ya mipigo miwili, kila mzunguko kuna mlipuko mmoja. Piga hesabu: milipuko 500 kwa sekunde moja. Unapotamka neno "goli", pistoni imeshapanda na kushuka mara mia kadhaa.

Haina plagi ya cheche kama ya pikipiki. Plagi yake ina waya mdogo uliojikunja, wenye madini ya platinamu. Unauchoma kwanza kwa betri ndogo mpaka uwe mwekundu, unawasha injini, kisha unaondoa betri. Kuanzia hapo waya unaendelea kuwaka wenyewe, kwa sababu methanoli ikikutana na platinamu yenye joto inazidi kuitia joto.

Hapo ndipo mchezo wote ulipo. Hakuna umeme unaoamua mlipuko utokee lini. Kinachoamua ni joto la injini, aina ya plagi na mchanganyiko wa hewa na mafuta. Ukikosea mchanganyiko, umekosea kila kitu.

Jambo la pili: injini hii haina sampu ya oili wala rejeta ya maji. Oili imo ndani ya mafuta yenyewe. Yale mafuta yanayoingia kupitia kabureta ndiyo chakula, ndiyo oili, na ndiyo yanayopoza. Ukiyapunguza, umepunguza vyote vitatu kwa mpigo mmoja. Shika hilo, tutalirudia kwenye msiba.

NITRO NI NINI HASA

Watu wengi wakisikia nitro wanafikiria sinema za magari. Mafuta ya haya magari ni mchanganyiko wa vitu vitatu: methanoli, ambayo ndiyo nyingi; nitromethani, ambayo mara nyingi huwa kati ya asilimia 16 na 30; na oili, ya mbarika au ya kutengenezwa kiwandani au zote mbili.

Kazi ya nitromethani ni moja. Ndani yake tayari kuna oksijeni. Kilo moja ya petroli inahitaji karibu kilo 14.7 za hewa ili iungue vizuri. Kilo ya methanoli inahitaji kama 6.4. Kilo ya nitromethani inahitaji 1.7 tu.

Kwa hiyo kwa pumzi ileile moja, injini inaweza kuchoma mafuta mengi zaidi na kutoa nguvu zaidi. Ni mchezaji aliyeingia uwanjani na chupa yake ya hewa mfukoni.

Ndiyo maana sehemu za milimani wenye magari haya hupenda mafuta yenye nitro nyingi kidogo. Hewa ya nje ikipungua, ile iliyobebwa ndani ya mafuta inasaidia.

Tahadhari kabla hatujaenda mbali: methanoli ni sumu. Inaweza kupofusha macho na kuua, na inapita hata kwenye ngozi. Moto wake mchana kweupe hauonekani vizuri, unaweza kuungua bila kuona mwali. Dumu lake likae mbali na watoto, liandikwe, na lisifanane na chupa ya kitu cha kunywa.

HEWA YA KARATU NA MPIRA WA LA PAZ

Mji wa Karatu uko takriban mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Ukiupita ukaendelea hadi ukingo wa kreta ya Ngorongoro, unafika kama mita 2,300. Dar es Salaam iko hapo hapo baharini.

Kwenye mita 1,500 hewa ni nyembamba kwa takriban asilimia 14 kuliko ya pwani. Kule ukingoni ni pungufu kwa karibu asilimia 20. Silinda ni ileile na pistoni inavuta ujazo uleule, lakini ndani ya ujazo huo oksijeni imepungua.

Mashabiki wa soka hili mnalijua. Timu ikienda kucheza Mbeya, Uwanja wa Sokoine, maneno ya hewa huanza kabla basi halijafika. Simba ilipokwenda Johannesburg, mji ulio juu zaidi ya mita 1,700, Mei 2021, ilipigwa 4-0 na Kaizer Chiefs kwenye robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika. Wiki moja baadaye kwa Mkapa, Simba ikashinda 3-0. Sisemi mwinuko ndio uliofunga yale mabao manne, Msimbazi msinitafute. Nasema tu tofauti ya viwanja vile viwili si nyasi peke yake.

Mfano mkubwa ni La Paz, Bolivia, zaidi ya mita 3,600. Aprili 1, 2009, Argentina ya kocha Diego Maradona, ikiwa na Lionel Messi uwanjani, ililala 6-1 kule. Miaka miwili kabla ya hapo FIFA ilishajaribu kuzuia mechi za kimataifa kwenye viwanja vya juu sana, na kelele za Amerika Kusini zikailazimisha kurudi nyuma mwaka 2008.

Binadamu ana bahati. Ukimwacha juu kwa wiki kadhaa, mwili wake unaongeza chembe nyekundu za damu na kuzoea. Karatu yenyewe ni shahidi. Hapa ndipo alipozaliwa Filbert Bayi mwaka 1953, mtu aliyeshika usukani tangu mlio wa bastola kule Christchurch, New Zealand, Februari 2, 1974, akamaliza mita 1,500 kwa dakika 3 sekunde 32.16, rekodi ya dunia. Mapafu ya huku juu yalimpeleka duniani.

Injini haina damu. Haizoei chochote hata ukiiacha Ganako mwaka mzima. Inakaa vilevile ulivyoifunga, mpaka mtu ashike bisibisi. Mwili wa Bayi ulijirekebisha wenyewe, wa gari unarekebishwa na wewe.

FUNDI WA BODABODA AONYESHA NJIA

Turudi uwanjani. Baada ya kuzimika mara ya saba, kijana mmoja aliyekuwa ameegemea pikipiki yake alisogea. Mikono nyeusi kwa oili, nikajua ni fundi. Akachuchumaa, akanusa moshi, akaniuliza swali moja tu.

"Limetoka wapi hili, kaka?"

Nikamwambia Dar. Akacheka. Akasema pikipiki zinazokuja kutoka pwani nazo hufanya hivyohivyo, ila siyo kwa fujo hii: zinakula mafuta, plagi inakuwa nyeusi, zinakohoa. Hajawahi kugusa gari la nitro maishani mwake, lakini kabureta ni kabureta.

Ukitaka kuona jambo hilo kwa macho, simama barabara inayopanda kutoka Mto wa Mbu au ile ya kuelekea lango la Lodoare. Angalia Land Cruiser za zamani za watalii zenye injini za dizeli zisizo na tabo. Zikipanda na mzigo zinatoa moshi mweusi. Mafuta yanamiminwa, hewa ya kuyachoma haitoshi.

Gari langu lilikuwa kwenye hali hiyo. Kabureta ilikuwa inapima mafuta ya kuendana na hewa ya Kigamboni. Kwa hewa ya Ganako yakawa mengi mno, mchanganyiko ukawa mzito, waya wa plagi ukawa unaloa na kupoa, injini inazima. Dawa ilikuwa kupunguza mafuta.

SINDANO MBILI NA SKRUBU MOJA

Kabureta ya nitro ina sehemu tatu za kuchezea. Ya kwanza ni sindano ya kasi kubwa, inayoamua mafuta mengi kiasi gani yapite resi ikiwa imefunguliwa yote. Ya pili ni sindano ya kasi ndogo, inayotawala pale gari linapoondoka na linapotembea polepole. Ya tatu ni skrubu ya sailensa, inayozuia kabureta isifunge kabisa ili injini iendelee kunguruma gari likiwa limesimama.

Ukizungusha sindano kama akrabu ya saa inavyokwenda, unabana mafuta. Ukizungusha kinyume, unafungulia. Usizungushe kama unafunga bolti ya tairi. Fikiria uso wa saa: kutoka 12 kwenda 1 ni hatua moja. Hatua moja, jaribu, sikiliza, kisha ndiyo hatua nyingine.

Utaratibu tuliofuata pale Ganako, na ambao ndio wa kawaida kwa wenye mchezo huu, ni huu.

Kwanza injini ipate moto. Usirekebishe injini ya baridi, itakudanganya. Endesha dakika tatu nne kwanza, kama timu inavyopasha kabla ya mechi.

Pili, anza na sindano ya kasi kubwa. Tafuta sehemu ndefu iliyonyooka, fungua resi yote. Kama sauti ni nzito, ya kubanwa, moshi umejaa na gari linajivuta, mafuta ni mengi. Bana hatua moja. Unataka sauti iwe safi lakini mstari mwembamba wa moshi uendelee kuonekana nyuma. Moshi ukipotea kabisa, umepita. Rudi haraka.

Tatu, nenda kwenye kasi ndogo. Liache gari lingurume limesimama sekunde kama kumi, kisha lipe resi ghafla. Likikohoa na kutoa wingu, kasi ndogo ina mafuta mengi. Likisita bila moshi kama linalotaka kuzima, yamepungua.

Nne, jaribu kubana bomba. Injini ikiwa inanguruma, bana kwa vidole bomba la mafuta karibu na kabureta na uhesabu. Sauti ikipanda kidogo kisha injini ikazima kwenye sekunde tatu hivi, uko pazuri. Ikizima papo hapo, mafuta ni machache. Ikipanda sana na kuchukua muda mrefu kuzima, ni mengi.

Mwisho kabisa, weka sawa skrubu ya sailensa.

Joto nalo linasema. Ukipima juu ya injini, pale kwenye plagi, kati ya nyuzi 100 na 120 za Selsiasi ndipo injini nyingi zinafurahi. Ikizidi 130, simamisha mechi. Huna kipimo? Dondosha tone la maji juu ya kichwa cha injini. Likichemka na kukauka kwa sekunde tatu hadi tano, sawa. Likiruka na kutoweka palepale, injini inaungua.

Sisi tulibana sindano kubwa hatua mbili na robo, ndogo hatua moja. Gari likaondoka. Wale watoto waliokuwa wanacheka wakaanza kukimbia nalo, na kwa nusu saa nilikuwa mtu mashuhuri Ganako.

Asubuhi yake kulikuwa na ukungu na baridi ile ya Karatu. Gari likaonekana limebanwa kidogo, moshi hafifu. Hewa ya baridi ni nzito kuliko ya joto, hivyo inahitaji mafuta zaidi. Tukafungulia robo hatua. Saa sita jua lilipotoka tukairudisha. Kocha anayepanga kikosi kimoja kwa kila mechi hapa hafiki mbali.

VUMBI JEKUNDU HALINA HURUMA

Mwinuko ukiuzoea, adui wa pili wa Karatu ni vumbi. Udongo ule mwekundu ni mzuri kwa mahindi na kahawa. Ndani ya silinda ni msasa.

Ukuta wa silinda umetengenezwa kwa shaba nyeupe iliyopakwa kromu, na pistoni ni ya aluminiamu isiyo na ringi. Hakuna ringi kabisa! Kinachozuia mgandamizo usivuje ni ule mbano wenyewe: silinda inakuwa nyembamba kidogo kuelekea juu, na pistoni ikifika kileleni inabanwa. Injini ikipata moto, silinda inatanuka na pistoni inapita vizuri.

Vumbi likiingia linakula ule mbano. Ukiisha, injini ya moto haiwaki tena, na hakuna sindano itakayokuokoa. Tangi moja tu la kuendesha na chujio lililoachia linaweza kummaliza mchezaji mzima.

Kwa hiyo chujio la hewa ni golikipa. Liwe la sponji, liloweshwe oili yake ili vumbi linate, lifungwe kwenye kabureta kwa kamba ya plastiki isiyolegea. Baada ya kila siku ya kukimbiza, lioshe, likaushe, lipake oili upya. Ukiwa na mawili, moja linacheza, lingine benchi. Usilifungue uwanjani katikati ya vumbi eti uangalie tu.

Huo mbano wa juu una jambo lingine. Injini mpya ikiwa ya baridi inabana kiasi cha kulia, na ukiilazimisha kuzunguka unaikwangua kabla haijaanza maisha. Wanaojua huipasha kichwa kwanza kwa drayer ya nywele, ile ya saluni, ndipo waiwashe. Injini mpya pia huzoeshwa kwa matangi kadhaa ya mwanzo yenye mafuta mengi na resi ndogo, ipate moto, ipoe, ipate moto tena. Ukiwa na haraka kwenye hatua hiyo, utalipa mbele.

KIPYENGA CHA MWISHO KIKILIA

Wengi wetu tunaua injini nyumbani, siyo uwanjani. Methanoli hunyonya unyevu wa hewa. Ikibaki ndani ya injini, maji hayo yanashika kutu kwenye beringi, na safari ijayo utasikia sauti ya mchanga.

Ukimaliza, toa mafuta yote kwenye tangi. Washa injini imalize yaliyobaki kwenye bomba mpaka izime yenyewe. Dondosha matone machache ya oili nyepesi kwenye kabureta na kwenye tundu la plagi, izungushe mara kadhaa oili ienee. Kisha hakikisha pistoni inalala chini, siyo juu. Ikipoa ikiwa juu, inabanwa na silinda na ule mbano wa thamani unaharibika.

Ukitoa plagi, itazame. Waya uking'aa na kukaa kwenye mkunjo wake, mchanganyiko uko salama. Ukiwa wa kijivu, umechakaa au umepinda, injini ilikuwa na njaa ya mafuta. Na dumu la mafuta lifungwe kwa nguvu, hasa sehemu yenye ukungu kama huku.

Hata mabingwa wa dunia hawaruki hatua hizi. Mashindano ya dunia ya magari haya ya uwanja wa udongo yamepita Pattaya nchini Thailand mwaka 2010, Buenos Aires 2012, Sicilia 2014 na Las Vegas 2016, ambako Mswidi David Ronnefalk alibeba taji. Fainali yake ni saa moja nzima bila mapumziko. Tangi ni mililita 125 na linaisha kwa dakika nane au kumi hivi, kwa hiyo gari linaingia kujazwa mara kadhaa, kila mara kwa sekunde chache. Injini ikizima mara moja, kombe limeondoka. Dereva anasimama jukwaani na rimoti, na fundi wake anasubiri chini na chupa ya mafuta, masikio yote kwenye sauti.

MSIBA WA KIGAMBONI

Sasa sehemu inayouma.

Nilirudi Dar Jumatatu. Jumamosi yake nikaenda na gari Kigamboni, kifua mbele, nina hadithi za Ganako. Nikajaza tangi, nikawasha. Likawaka mara moja.

Halijawahi kukimbia vile. Sauti kali kama firimbi, linaondoka kama limerushwa. Jamaa mmoja akaniambia sasa umelipatia dawa. Nikaamini. Sikuona kitu kimoja ambacho fundi wa Karatu angekiona kwa jicho moja: hakukuwa na moshi.

Sindano zilikuwa bado za Ganako. Kule hewa ilikuwa nyembamba na mafuta nimeyabana yaendane nayo. Baharini hewa imerudi kuwa nzito, mafuta yamebaki machache. Na kumbuka: mafuta ndiyo oili, mafuta ndiyo yanayopoza. Injini ilikuwa inakimbia na njaa, kiu na homa kwa wakati mmoja. Injini yenye njaa hukimbia vizuri sana kabla ya kufa, na hapo ndipo wengi tunadanganyika.

Dalili zilikuwepo. Nilipoachia resi, sauti haikushuka haraka, ilibaki juu kama sekunde mbili. Mwisho wa sehemu iliyonyooka nguvu ikaanza kupungua. Dakika kama ya tatu nikasikia mlio mfupi, kama mtu amevunja kijiti. Kimya.

Tulipofungua, pistoni ilikuwa na michirizi mirefu, silinda imekwanguka, konrodi imekatika. Injini ilikuwa imenoki kabisa. Pistoni, silinda na konrodi mpya bei yake ilikaribia nusu ya injini nzima, na kuzisubiri zifike kulinichukua miezi.

Nilimpigia fundi wa Ganako kumpa taarifa. Hakunicheka. Aliniuliza tu kama nilirudisha zile hatua mbili na robo kabla ya kuwasha. Nikanyamaza. Akasema pole, kaka.

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba safari hizi mbili hazilingani. Ukipanda mlima bila kurekebisha, injini inazima, watoto wanakucheka, basi. Ukishuka bila kurekebisha, unazika. Kupanda kunakuaibisha, kushuka kunakufilisi.

Ndiyo maana siku hizi nina daftari dogo ndani ya boksi la gari. Kila mahali ninapokimbiza naandika vitu vinne: mwinuko, hali ya hewa, joto la injini, na sindano ziko hatua ngapi kutoka zilipofungwa kabisa. Na nimeandika kwa wino mwekundu ukurasa wa kwanza: ukishuka, fungulia kwanza, washa baadaye. Anza na mafuta mengi, upunguze polepole mpaka injini ikuambie inatosha. Moshi ukionekana, uko hai.

Kwa mashabiki wa mpira, msidhani hili ni la mafundi tu. Timu yenu ikipanda kwenda kucheza juu, kila mtu anaongea habari za hewa, wachambuzi wanajaza redio. Inaposhuka hakuna anayeuliza kitu, tunadhani kazi imeisha. Waulizeni makocha wa viungo kama nao wana daftari.

Gari langu limefufuka. Desemba narudi Ganako, na safari hii nitafika nikiwa najua hatua zangu. Yule fundi ameniambia amewakusanya vijana wenzake wa kijiweni, wanataka kuona mashine inayolia kama nyuki ikipita kwenye vumbi lao. Nimemwahidi atashika rimoti yeye kwanza.

Sindano nitamwachia yeye pia.